Nta na Rangi ya Gari: Mwongozo kwa Mkazi wa Buruburu

Gari lililosimama mlangoni pako, msomaji, yamkini lilipokewa katika bandari ya Mombasa likiwa limekwisha tumika, kwani magari mengi tunayoendesha Nairobi hutoka Japani yakiwa na umri wa miaka 6 au 7, na kanuni za nchi haziruhusu yaingie yakiwa yamepita miaka 8. Rangi yake, kwa hiyo, ilikwisha kuonja majira ya nchi nyingine kabla ya kuvuka bahari, na sasa imekabidhiwa jua la jiji lililo karibu na mstari wa ikweta, lililoinuka kadiri ya mita 1,700 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi, na ile miali isiyoonekana kwa jicho, ipaushayo nguo kambani na kuchoma ngozi, hushuka bila ya kuchujwa sana. Nyumba za Buruburu, zilizojengwa kwa awamu tano tangu miaka ya 1970 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, zilipangwa kuzunguka korti ambamo majirani hushirikiana mahali pa kuegesha, na mahali hapo aghalabu hapana paa. Gari la Buruburu hulala nje, huamka nje, na likienda mjini hushinda juani mpaka mwenyewe atoke kazini. Hiyo ndiyo sababu inayotosha, pasipo kutafuta nyingine, ya mwenye gari wa mtaa huu kuijua nta na kuijua vizuri.

Kwanza yafaa ufahamu unalinda nini. Mwili wa gari la siku hizi una tabaka kadhaa juu ya bati: praima ishikayo chuma, kisha rangi yenyewe tunayoipendea gari, na juu kabisa utando usio na rangi, upitishao nuru, ambao mafundi wetu wa kupuliza rangi huuita klia. Tabaka zote hizo zikijumlishwa zina unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita au zaidi kidogo, na klia peke yake haifikii unene wa unywele mmoja wa kichwa. Mng'ao wote unaousifu, na sehemu kubwa ya kinga iliyo baina ya rangi na jua, vimo katika utando huo mwembamba. Na kila mara mtu anapousugua kwa dawa kali huupunguza, wala haurudi. Jua nalo huula kutoka juu, likianza na paa na boneti, kwa kuwa sehemu hizo zimeelekea mbinguni kutwa kucha. Pita katika Barabara ya Rabai au ya Mumias Kusini saa sita mchana, uyaangalie mapaa ya magari yaliyozeeka: utaona mabaka meupe yenye kingo zinazobanduka, na chini yake rangi iliyofifia hata haina tena wajihi wa rangi. Hapo klia imekwisha. Nta haiwezi kuirudisha, na yeyote akuahidiye kwamba mkebe wake utaliponya baka la namna hiyo, mwachie mkebe wake. Dawa ya hapo ni msasa na bomba la fundi wa kupuliza rangi.

Nta haiponyi, bali hukinga, tena kwa namna ya pekee, kwa sababu kazi yake ni kuliwa yenyewe badala ya kitu ilichokifunika. Kinyesi cha ndege kikianguka juu ya boneti lililopakwa, tindikali yake huanza kwa kuila nta, nawe ukapata nafasi ya kukiondoa kabla hakijaifikia klia na kuiachia alama ya kudumu. Masizi yatokayo Eneo la Viwanda, ng'ambo ya Barabara ya Jogoo, hayapati pa kung'ang'ania. Na ule udongo mweusi wa upande wetu wa mashariki ya Nairobi, ambao wakati wa masika huvimba na kunata hata ukajaza matao ya magurudumu, hutoka kwa maji machache. Jambo hili la maji machache si dogo. Katika mtaa ambao maji ya bomba huja kwa zamu, na ambao wakazi wake hufuatilia kina cha bwawa la Ndakaini kwa hofu ileile ya mkulima anayetazama mawingu, gari linaloosheka kwa ndoo mbili ni nafuu kwa nyumba nzima.

Mtu anayekwenda kununua nta hukuta rafu imejaa, na majina ya Turtle Wax ya Marekani, Sonax ya Ujerumani na mengineyo yamepangwa bega kwa bega, kila mkebe ukiahidi mng'ao wa kioo. Jina la mtengenezaji halitoshi kukuongoza, kwa kuwa kila mmoja wao hutengeneza bidhaa za aina mbalimbali, na aina ndiyo iliyo muhimu.

Aina ya kale na yenye sifa kubwa ni ile itokanayo na mkarnauba, mti wa jamii ya michikichi unaomea kaskazini-mashariki ya Brazili, katika nchi ambayo ukame wake umeufundisha kufunika majani yake kwa unga wa nta usije ukakauka. Majani hukatwa, huanikwa, hupigwa mpaka unga ule umwagike, kisha unga huyeyushwa na kuchujwa. Nta hiyo haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 80 za Selsiasi, na ikiwa peke yake ni ngumu hata mkono hauwezi kuipaka, ndiyo maana kila mkebe unaotajwa kuwa wa karnauba una mafuta na viyeyushi vya kuilainisha, na sehemu ya karnauba yenyewe yaweza kuwa ndogo sana. Ubora wake ni uzuri wa sura: juu ya rangi nyeusi, nyekundu au buluu ya kuiva huleta kina na ujoto ambao hakuna dawa nyingine iupatayo sawasawa. Aibu yake ni umri mfupi. Katika jua letu na kuoshwa kwetu kwa kila wiki, usitumaini ipite miezi miwili ikiwa na nguvu.

Nta ya nyuki, ambayo Ukambani na Baringo hurinwa tangu zama za mababu, na ambayo kutoka Tabora ilikuwa bidhaa kubwa ya kusafirishwa ng'ambo, ni nta njema kwa mbao, kwa ngozi na kwa mishumaa. Nimewasikia watu wema wakishauri iyeyushwe nyumbani, ichanganywe na tapentaini, ipakwe gari. Siwaungi mkono. Nta hiyo huyeyuka baina ya nyuzi 62 na 64, na muda mrefu kabla ya kuyeyuka huwa imekwisha kulegea. Boneti la rangi nzito lililosimama juani adhuhuri hupata moto wa kutosha kuifanya nata ya kukamatia vumbi, na vumbi likikamatwa hugeuka msasa siku kitambaa kitakapopita juu yake. Nta ya nyuki ibaki kwenye meza yako ya mvule.

Kisha kuna nta za kiwandani, ambazo kwa hakika nyingi si nta bali ni viambato vya kemia vinavyojishika na rangi na kuacha utando mgumu. Hizi hazina ule ujoto wa karnauba. Mng'ao wake ni mkavu na mweupe zaidi. Lakini hudumu miezi minne, mitano, pengine sita. Na mwisho kuna mipako ya seramiki, yenye kudumu kwa miaka, ambayo bei yake ni kubwa na maandalizi yake ni ya kitaalamu: kosa dogo likikaukia juu ya rangi haliondoki ila kwa kusuguliwa kwa mashine. Hiyo si kazi ya kufanywa katika korti penye vumbi na watoto wachezao mpira, na sitaisema zaidi.

Shauri langu, kwa mtu wa Buruburu ambaye gari lake halina banda, ni achukue nta ya kiwandani kuwa ndiyo msingi. Ikiwa gari lake ni jeupe au la rangi ya fedha, kama yalivyo magari mengi tunayoletewa, asipoteze fedha kwa ajili ya karnauba, maana juu ya rangi hizo jicho haliwezi kuitambua tofauti. Ikiwa ni la rangi nzito naye ni mpenda uzuri, apake ile ya kiwandani kwanza, aipe siku moja ya kushika, halafu apake karnauba juu yake kwa ajili ya sikukuu au arusi. Kinyume chake hakifai, kwa sababu ile ya kiwandani haishiki vizuri juu ya mafuta ya karnauba.

Kuna mtego mmoja rafuni ambao lazima nikutahadharishe nao. Mikebe mingine huandikwa kwamba inasafisha na kung'arisha kwa pamoja. Maana yake ni kwamba ndani ya nta zimetiwa chembe laini za kukwangua. Bidhaa hizo si mbaya. Hufaa mara moja kwa gari lililochujuka rangi na lililojaa mikwaruzo midogo. Lakini mtu akizitumia kila baada ya miezi miwili kwa kudhani anailinda rangi, huwa anaila klia yake kwa mkono wake mwenyewe. Ukishuku kilichomo ndani ya mkebe, chukua sidii kuukuu, uipake kidogo upande unaong'aa, uisugue kwa kidole kilichovikwa kitambaa laini, kisha uitazame juani: kama imepata mikwaruzo myembamba, chembe zimo.

Wala usidanganyike na mng'ao wa bure. Wako wanaofuta mwili wa gari kwa dizeli au mafuta ya taa, na wengine kwa polishi ya viatu, na kwa saa chache gari hupendeza kweli. Baadaye vumbi hukaa juu ya mafuta yale, jua huyaoka, mipira ya madirisha na milango huvimba na kulegea, na rangi iliyo chini haikupata kinga yoyote. Gari halikupambwa, limepakwa uchafu unaometa.

Sasa majira. Nairobi ina misimu miwili ya mvua, masika kuanzia Machi mpaka Mei na vuli kuanzia Oktoba mpaka Disemba, na ratiba iliyo bora ni kuitangulia mvua: paka mwishoni mwa Februari, na paka tena mwishoni mwa Septemba, kabla mijakaranda haijamwaga maua yake yale ya zambarau ambayo hupendeza barabarani lakini hunata juu ya boneti na kuacha madoa. Kati ya nyakati hizo mbili, ikiwa uwezo upo, ongeza mara moja Juni au Julai. Miezi hiyo ya baridi na mawingu ni rehema kwa mwenye kupaka nta, kwa sababu bati halipati moto na unaweza kufanya kazi asubuhi yote bila haraka. Januari na Februari mambo ni mengine: anza jua likichomoza na umalize kabla ya saa tatu, au ngoja mpaka saa kumi alasiri ipite na kivuli cha nyumba kiwe kimelifunika gari. Weka kiganja juu ya boneti. Kama huwezi kukiacha hapo kwa raha, usifungue mkebe, kwa sababu nta ikipakwa juu ya bati la moto hukauka papo hapo, ikaacha mawimbi na mabaka ambayo utayasugua mpaka bega liume.

Kuosha ndiko kunakochukua sehemu kubwa ya kazi, nami nasema wazi kwamba mtu aliyeosha vizuri akapaka nta ya bei rahisi atamshinda aliyeosha vibaya akapaka ya ghali. Mwagia gari maji kwanza, bila kuligusa, ili mchanga uanguke wenyewe. Kisha tia maji katika ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na kila ukipangusa sehemu moja, chovya sponji katika ndoo ya kusuuzia, uikamue, ndipo uirudishe kwenye sabuni. Anza juu ya paa, ushuke kwenye vioo, boneti, milango, na umalizie sehemu za chini ambako changarawe hujificha. Magurudumu yawe na kitambaa chake peke yake, kisichogusa mahali pengine kamwe, maana vumbi la breki lina chembe za chuma. Sabuni iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya magari. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali, huondoa nta yote iliyobaki na kukausha mipira. Na ikiwa siku hiyo nia yako ni kuiondoa nta ya zamani ili uanze upya, matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo yatatosha, kwa siku hiyo moja tu.

Katika korti zetu vijana wengi hupata riziki Jumamosi na Jumapili kwa kuosha magari ya majirani, nayo ni riziki ya halali inayostahili heshima. Lakini kitambaa kimoja kikipita kwenye magurudumu ya magari matano kisha kikapanda juu ya boneti lako, hakuna nta itakayoficha miviringo ya mikwaruzo utakayoiona jioni jua likipiga kwa ubavu. Mnunulie kijana wako sponji na kitambaa vya gari lako peke yake, umwambie kwa upole, “Bwana mdogo, hivi ni vya hili tu, na hiki cheusi ni cha magurudumu.” Atakujibu, “Sawa, mzee,” na kama umemlipa vizuri atashika.

Gari likikauka, na likaushwe kwa kitambaa cha kunyonya maji, si kwa upepo wa safari ya kwenda dukani, lifanyie mtihani ufuatao. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, nyumba nyingi hazina tena mifuko hiyo, lakini karatasi ya nailoni inayofungia mkate bado ipo. Kung'uta makombo, vaa karatasi hiyo mkononi, kisha pitisha ncha za vidole polepole juu ya boneti lililooshwa. Kupitia nailoni vidole husikia kisichosikika kwa ngozi tupu: vijipele vidogo vigumu, wingi wake ukizidi kadiri unavyokaribia ukingo wa mbele. Hizo ni chembe za chuma, masizi, utomvu na matone ya rangi ya kupuliza yaliyopeperushwa kutoka gereji, ambazo zimejichimbia ndani ya klia na ambazo sabuni haiwezi kuzing'oa. Nta ikipakwa juu yake huzifungia ndani.

Dawa yake ni udongo wa kusafishia rangi, kipande laini kinachouzwa katika maduka ya vifaa vya magari. Kata robo yake, ukandekande mpaka uwe bapa, nyunyizia boneti maji yenye sabuni kidogo, na uuteleze juu yake bila kukandamiza, huku na huko, ukisikia mwanzo unakwaruza, baadaye unateleza kimya. Kimya hicho ndicho dalili ya kwamba mahali hapo pamesafika. Ukunje udongo mara kwa mara ili upate upande safi. Udongo huo ukianguka chini, hata mara moja, utupe, kwa sababu mchanga uliougandama huwezi kuutoa wote. Kazi hii haifanywi kila mara. Mara moja kwa mwaka yatosha kwa gari la kawaida, mara mbili kwa gari linaloegeshwa kila siku karibu na viwanda.

Kabla ya hatua ya nta, jua pia rangi yako ni ya aina gani. Magari ya zamani sana, na mengi yaliyopigwa rangi upya kwa bei nafuu, hayana klia juu yake. Chukua kitambaa cheupe, tia polishi kidogo, usugue mahali pasipoonekana, ndani ya ukingo wa mlango. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, basi hakuna klia, na rangi hiyo hukauka na kufifia upesi, hasa nyekundu; hiyo ndiyo inayohitaji nta yenye mafuta, karnauba, tena mara nyingi zaidi. Kitambaa kikibaki cheupe, au kikachafuka kwa kijivu cha vumbi tu, klia ipo.

Na ikiwa gari limetoka kwa fundi juzi, awe wa Kirinyaga Road, wa Kariobangi au popote, subiri. Rangi mpya huendelea kutoa viyeyushi vyake muda mrefu baada ya kuonekana imekauka, na nta huviziba visitoke, ikaifanya iwe laini na kuivuruga. Kama ilikaushwa katika chumba cha joto, ipe mwezi mmoja. Kama ilikaushwa kwa hewa uani, miwili au mitatu. Katika muda huo ioshe kwa maji safi na uiweke mbali na mijakaranda.

Haya, sasa fungua mkebe. Sponji ndogo ya kupakia iloweshe kidogo na uikamue mpaka ibaki na unyevu tu. Chota nta kiasi cha sarafu ya shilingi kumi kwa boneti zima, na usiongeze kwa kudhani kwamba wingi ni ulinzi. Rangi hushika utando mmoja mwembamba, na kilichozidi chote utakiondoa kwa jasho lako. Ipake nyembamba kama mafuta ya nazi kwenye uso wa mtoto aliyetoka kuogeshwa, hata usione kitu ila ukungu hafifu ukiinama na kutazama kwa ubavu. Enenda kwa mistari iliyonyooka, ifuatayo mkondo wa upepo juu ya gari, kwani ukiwa na chembe iliyokuponyoka, mkwaruzo ulionyooka hauonekani sana, hali ule wa mviringo humeta kila jua likiugusa. Maliza boneti ndipo uende kwenye bawa, kisha mlango, kipande kwa kipande.

Usiiguse mpaka iwe tayari. Inakaa muda gani? Saa haitakwambia vizuri, kwa kuwa asubuhi ya Julai yaweza kuhitaji robo saa na zaidi, na alasiri ya Februari dakika tano. Tumia kidole: kipitishe mara moja juu ya nta. Ikiwa njia ya kidole imebaki ukungu, nta ingali mbichi. Ikiwa nyuma ya kidole pamebaki safi na pang'aavu, pasipo mafuta, wakati wake umefika. Chukua kitambaa cha maikrofaiba kilichokunjwa mara nne, ufute kwa mkono mwepesi, na kila upande ukijaa geuza mwingine. Kisha kitambaa cha pili, kikavu na safi, kipite mara ya mwisho. Mwenye subira na apumzike saa kadhaa, au mpaka kesho yake, apake mara ya pili, si kwa ajili ya kuongeza unene bali kufikia mahali ambapo mkono ulipaacha bila kujua. Baada ya mara ya pili hakuna faida tena.

Jihadhari na plastiki nyeusi za bampa, vioo vya pembeni na mipira ya milango, ambazo nta ikizigusa hukauka ikawa nyeupe na kuzitia uzee. Zibandikie utepe wa karatasi wenye gundi kabla ya kuanza. Na kama imekwisha kuingia, mswaki laini na maji ya uvuguvugu yenye sabuni huitoa, ukishughulika nayo siku hiyohiyo. Kioo cha mbele usikipake, maana waipa zitapiga kelele na usiku wa mvua taa za wenzako zitatawanyika machoni pako. Wenye matatu, ambao gari zao za namba 58 zimejulikana jiji zima kwa michoro yao, wapitie mbali na kingo za stika, kwa sababu nta hujikusanya hapo ikawa mstari mweupe, na viyeyushi vyake hulegeza gundi. Na magari yaliyopigwa rangi isiyong'aa yasipakwe nta kabisa, kwani yatapata mabaka ya mng'ao yasiyofutika.

Baada ya hapo kazi ni ya kutunza. Kinyesi cha ndege usikipanguse kikiwa kikavu, kwa kuwa ndani yake mna mchanga na vipande vya mbegu. Hasa cha wale korongo wakubwa wanaolala juu ya migunga ya karibu na Uwanja wa Nyayo, ambao chini yao hakuna gari linalosalimika. Weka juu yake kitambaa kilichotota maji, kingoje dakika kadhaa, kisha ukiinue pamoja na uchafu wake. Tembea na chupa ya maji na kitambaa ndani ya buti, kwa maana juani doa laweza kuingia kabla hujafika nyumbani.

Mvua ndiyo itakayokupa habari za nta yako. Ikiwa ingali hai, maji hujikusanya kwa matone madogo ya duara yenye kusimama na kuteleza gari linapoanza kwenda. Ikichoka, matone hupanuka na kulala. Ikiisha, maji hutandaa yakawa utando mmoja juu ya boneti, na huo ndio wakati wa kupaka tena, hata kama mwezi ulioandikwa kwenye mkebe haujafika. Lipime paa kabla ya milango, kwa kuwa paa huishiwa mapema, na si lazima ulipake gari zima kila mara: paa, boneti na kifuniko cha buti vikipata nta mara mbili zaidi kuliko milango, umefuata jinsi jua linavyofanya kazi.

Vitambaa vyako vifue peke yake, mbali na nguo za pamba zinazoacha nyuzi, kwa sabuni ya maji na bila dawa ya kulainishia nguo, ambayo huacha mafuta yatakayokuvurugia nta mara nyingine. Vianike kivulini, uvihifadhi ndani ya chombo chenye mfuniko. Mkebe nao ufunge kwa nguvu, uuweke ndani ya nyumba wala si ndani ya gari, kwa sababu joto la buti lililofungwa hutenganisha mafuta na nta, na mkebe mmoja wa gramu 200, ukitunzwa hivyo na kutumiwa kwa kadiri niliyoieleza, huweza kukutosha kwa zaidi ya mwaka mmoja.